Waridi Lenye Fumbo: Je, Ni Lazima Afe Ndipo Tumpende?

Tumo katika Oktoba, mwezi wa Rozari Takatifu. Jioni hizi jumuiya zetu ndogo ndogo, kuanzia mitaa ya mjini Morogoro hadi vigango vilivyo juu kabisa katika Milima ya Uluguru, zinakusanyika kumheshimu Mama wa Mungu. Baada ya mafumbo ya Rozari tunasali Litania yake, na humo tunamwita kwa majina mengi ya heshima. Mojawapo ni Waridi lenye fumbo. Kwa Kilatini, Rosa Mystica.

Kila ninapolifikia jina hilo moyo wangu husita kidogo, nami leo napenda kuwaeleza sababu.

Mwaka 1971 Mtanzania mwenzetu, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo kisiwani Ukerewe, ambaye naye alipitia seminari kabla ya kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilichukua jina hilo la Bikira Maria akaipa riwaya yake ya kwanza: Rosa Mistika. Hakumpa jina hilo mtawa wala binti anayesifiwa kijiji kizima. Alimpa msichana ambaye watu walimwita malaya. Tena sehemu ya kuanguka kwake aliiweka hapa hapa kwetu, katika chuo cha ualimu cha Morogoro. Kila ninapopita Kigurunyembe, chini ya mlima, kilipo chuo hicho, namkumbuka Rosa kana kwamba alikuwa muumini wa parokia yangu.

Nilikutana na kitabu hicho nikiwa seminari ndogo. Zamani kiliwahi kuzuiwa kusomwa mashuleni, na ingawa miaka hiyo ilikuwa imekwisha kupita, sisi tuliamini kuwa bado ni kitabu cha dhambi. Na kwa sababu hiyo kila mmoja wetu alitaka kukisoma. Nakala yetu haikuwa na jalada, ilifungwa kwa karatasi ya gazeti na kupitishwa kutoka kitanda hadi kitanda. Zamu yangu ilipofika, nilikisoma chini ya blanketi kwa mwanga wa tochi, nikakamatwa na padri mmoja mzee. Alikichukua bila kusema neno.

Baada ya wiki moja aliniita ofisini kwake. Nilikwenda nikiwa na hakika kwamba narudishwa nyumbani. Akaniuliza swali moja tu: "Ulipomaliza kusoma, ulimkasirikia nani?" Nikajibu upesi, nikidhani hilo ndilo jibu la mseminari mwema: "Rosa, Baba. Alijiharibu mwenyewe." Akanitazama kwa muda, kisha akasema: "Basi bado hujakisoma. Utakisoma tena ukikua."

Ndugu zangu, nimekua, na nimekisoma tena.

Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria na Regina. Baba yake ni mlevi na mkali, anampiga kikatili kwa ajili ya barua ya mvulana. Analelewa kwa hofu tupu bila mafundisho yoyote, hivyo anapotoka nyumbani kwenda kusoma sekondari Mwanza, hajui lolote juu ya wanaume isipokuwa kwamba ni hatari. Wanaume wenye vyeo na fedha wanajua zaidi yake, nao wanautumia ujinga wake. Anapofika chuoni Morogoro amekwisha kuwa msichana anayejulikana na wengi na kuheshimiwa na wachache.

Hapo ndipo wengi, kama mimi utotoni, tunapokifunga kitabu moyoni kabla hakijaisha. Maana Rosa anageuka. Anayaacha maisha yale, anapata mchumba, anatamani kuanza upya. Anafanya jambo lile lile ambalo sisi mapadre tunalihubiri kila Kwaresima. Kisha mchumba wake, Charles, anapogundua kwamba yeye si bikira, anamwacha. Rosa anajiua.

Tuutazame mfuatano huo kwa makini. Rosa hakufa katika siku za kutangatanga. Alikufa akiwa njiani kurudi, baada ya kuukuta mlango wa nyumba umefungwa. Mama Kanisa anatufundisha katika Katekisimu, namba 2283, tusikate tamaa juu ya wokovu wa watu waliojiua, kwa kuwa Mungu anazo njia anazozijua Yeye peke yake. Naye mwandishi anamfikisha Rosa mbele ya hukumu ya Mungu pamoja na baba yake, na hapo Zakaria naye ana maswali ya kujibu. (Na kama yupo msomaji wa ukurasa huu ambaye mzigo wake umefikia uzito kama wa Rosa, namsihi asibaki peke yake hata usiku mmoja. Njoo, au mwite mtu unayemwamini. Mlango wa nyumba ya mapadre unagongwa saa zote.)

Tangu wakati ule nimekutana na dada zake Rosa katika vitabu vya mataifa mengine. Katika *Les Misérables* ya Mfaransa Victor Hugo, iliyotoka mwaka 1862, yumo Fantine, mfanyakazi wa kiwandani anayefukuzwa kazi inapojulikana kwamba ana mtoto nje ya ndoa. Anauza nywele zake, kisha meno yake ya mbele, na mwishowe mwili wake, ili mwanawe Cosette atunzwe. Anakufa pasipo kumwona tena. Katika *Uhalifu na Adhabu* ya Mrusi Dostoyevsky, ya mwaka 1866, yumo Sonya, anayeuza mwili wake ili watoto wa mama yake wa kambo wasife njaa; na ndiye anayemsomea muuaji habari ya kufufuliwa kwa Lazaro, kisha anamfuata hadi kifungoni Siberia. Kwa upande wa Zanzibar, Mohamed Suleiman Mohamed katika *Nyota ya Rehema*, iliyotoka mwaka 1976, anatuletea Rehema, binti aliyekataliwa na baba yake mwenyewe kwa ajili ya weusi wa ngozi yake, akaangukia maisha ya aibu mjini, kisha akajenga maisha mapya kwa jembe, pamoja na mkulima maskini aitwaye Sulubu.

Wapendwa, tunazipenda hadithi hizi, na tuna haki ya kuzipenda. Mwanamke aliyetupwa na jamii anajitoa kwa ajili ya wengine, nasi tunafuta machozi na kusema: tazama, ndani yake kulikuwa na dhahabu. Hata hivyo, kadiri ninavyozeeka katika upadre ndivyo machozi hayo yanavyonitia mashaka. Mbona mara nyingi tunampenda mwanamke huyo pale tu anapokuwa ameteseka vya kutosha? Fantine tunamlilia kwa sababu amekwisha kung'olewa meno. Je, angebaki na meno yake, akaja tu kuomba arudishiwe kazi yake, tungemlilia?

Swali hili sikulipata vitabuni. Nalijua tangu nilipokuwa frateri.

Katika mwaka wangu wa kichungaji nilipangiwa kusaidia vigango kadhaa vya milimani. Katika kimoja, ambacho sitakitaja, aliishi mama mmoja chini karibu na mto. Alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na watoto wawili bila mume, akawa anapika pombe ili kuwalisha. Alikuwa na jina la kejeli, ambalo hata watoto wadogo walilijua. Alipoomba kuingia katika jumuiya aliambiwa kwanza atengeneze maisha yake. Hakuna aliyemweleza maisha hayo yatengenezwe vipi, wala nani angemsaidia.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Serikali ilikuwa imeanza kuzitoa bure mwaka 2004, lakini kutoka hospitali za mjini hadi vijiji vya juu mlimani kulikuwa na mwendo mrefu. Vijana waliokuwa wameshuka kutafuta maisha walirudishwa kwao wakiwa mifupa mitupu. Kulikuwa na nyumba ambamo mgonjwa aliwekewa uji mlangoni, na mtu akaondoka upesi. Mama yule aliingia ndani. Aliwaogesha, aliwageuza, aliwafulia mashuka mtoni. Aliuza mbuzi wake wawili ili mgonjwa mmoja abebwe kwa machela hadi barabarani na kupata gari. Mgonjwa huyo alikuwa ndugu wa mmoja wa wale waliosema kwanza atengeneze maisha yake.

Kisha yeye mwenyewe akaanza kukohoa. Kilikuwa kifua kikuu, ambacho kwa kila dalili alikipata katika vyumba vile vilivyofungwa madirisha. Alikufa wakati wa masika, njia zikiwa zimeharibika kwa utelezi. Paroko hakuweza kupanda, hivyo katekista akaongoza mazishi, nami nikaombwa kutoa neno.

Wapendwa, nilihubiri vizuri. Nilizungumza juu ya punje ya ngano inayoanguka ardhini na kufa. Kigango kizima kilikuwepo, akina mama wa WAWATA wakiwa katika sare zao, na watu walilia kwa sauti. Baada ya mazishi wazee walinishika mkono wakasema, "Frateri, utakuwa padri mzuri."

Tulipokuwa tukishuka mlima, katekista alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia bila ukali wowote: "Frateri, umesema vema. Lakini mama huyu alisali Dominika zote amesimama nje, dirishani."

Nilijua. Nilikuwa nimemwona. Dominika nilizoongoza ibada pale, nilimwona uso wake dirishani, mtoto mdogo mgongoni, akiimba pamoja nasi. Nilidhani kuna utaratibu wa kigango nisioufahamu, na mimi ni mgeni, tena kijana. Kutoka altareni hadi kwenye dirisha lile hazikuzidi hatua kumi. Sikuzitembea. Nikangoja hadi alipokuwa kaburini, ndipo nikamwita mtakatifu.

Hili ndilo ninalotaka kuliungama mbele yenu leo, kwa sababu naona si kosa langu peke yangu. Sadaka ya mwanamke yule ilikuwa ya kweli, nami naamini Kristo ameipokea. Lakini sisi tuliigeuza kuwa ada. Tulimfanya alipe kwa uhai wake kiti ambacho Mwana wa Mungu alikwisha kukilipia kwa damu yake pale Kalvari. Ukombozi wetu ulilipwa mara moja tu, na kwa ukamilifu. Anayemdai mwenzake malipo ya pili anasema, hata kama hajui, kwamba Msalaba haukutosha.

Tuifungue Injili ya Luka, sura ya saba, aya ya 36 na kuendelea. Yesu amealikwa chakulani kwa Simoni Mfarisayo. Anaingia mwanamke anayejulikana mjini kwa dhambi zake, anailowanisha miguu ya Yesu kwa machozi, anaifuta kwa nywele zake, anaipaka marhamu. Simoni ananung'unika moyoni. Ndipo Yesu anamsimulia mfano wa wadeni wawili, mmoja wa dinari 500 na mwingine wa dinari 50, ambao wote wawili walisamehewa kwa kuwa hawakuwa na cha kulipa. Yupi atampenda zaidi aliyewasamehe?

Tuzingatie utaratibu wa mfano huo. Deni linafutwa kwanza, upendo unafuata. Marhamu ile haikuwa bei ya msamaha. Ilikuwa tunda lake. Mwanamke yule alipenda sana kwa sababu alijua amesamehewa sana. Na Yesu hamwambii abaki pale miguuni akilia hadi Simoni aridhike. Anamruhusu aende kwa amani, yaani anampa maisha ya kuishi. Kadhalika yule mwanamke wa Injili ya Yohane, sura ya nane, anaagizwa asitende dhambi tena. Bwana wetu haiiti dhambi jambo dogo. Ila anamwagiza hivyo baada ya mawe kuwa yamekwisha kuanguka chini.

Kwa nini nayaandika haya wiki hii? Kwa sababu siku chache zilizopita viongozi wa jumuiya mojawapo walikuja kuniona. Yupo binti amerudi nyumbani na mtoto mchanga. Anaomba kushiriki jumuiya, na anaomba mtoto wake abatizwe. Viongozi waliniambia kwa heshima zote: "Baba Paroko, sisi hatujamkataa. Tunasema tu asubiri kidogo, tuutazame mwenendo wake."

Niliwaeleza kwanza kuhusu mtoto. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 868, inadai mzazi mmojawapo akubali, na liwepo tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Haidai kwamba mama yake awe ameolewa. Kuhusu mama mwenyewe, zipo hatua za kumwandaa, upo mlango wa Kitubio, nami nitamsaidia. Kisha nikawauliza: mnataka asubiri hadi lini? Wakatazamana. Nikauliza tena: na baba wa mtoto, naye tumemwambia asubiri? Kimya. Hakuna aliyekuwa amefikiri kumwuliza. Na pengine Dominika hii ataimba kwaya.

Ndipo mama mmoja mtu mzima, ambaye hasemi sana vikaoni, akasema polepole: "Baba, hata mimi sijui tunasubiri nini."

Naam, tunasubiri nini? Nadhani mimi nalijua jibu, maana niliwahi kulisubiri. Tunasubiri afanye jambo kubwa. Tunasubiri auguze wagonjwa wetu, auze mbuzi wake, akohoe, afe, ndipo tuseme kumbe alikuwa mwema. Lakini binti huyu hajafanya jambo lolote kubwa. Ananyonyesha mtoto wake, na anaomba mahali pa kukaa. Rosa naye hakuwa shujaa alipogeuka. Alitaka tu kuishi kama watu wengine.

Ndugu zangu Waluguru wananifundisha jambo hapa. Kwa mila ya milima hii mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake. Hata akizaliwa bila baba anayejulikana, hakosi wajomba, wala hakosi haki ya shamba la ukoo. Mababu zetu, kabla hawajasikia Injili, walikwisha kuhakikisha kwamba kosa la watu wazima halimwachi mtoto bila mahali pa kusimama. Nayo serikali yetu, mnamo Novemba 2021, ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi darasani baada ya kujifungua. Ukoo umefungua mlango, shule imefungua mlango. Ingekuwa aibu kubwa mlango wa mwisho kubaki umefungwa uwe wa wale wanaosali Rozari.

Viongozi wale nilikwisha kuwasimulia habari za dirisha, kama nilivyowasimulia ninyi. Tukakubaliana apokewe. Hata hivyo sitawaficha: sijui kama atakuja. Alipoambiwa asubiri, aliondoka kimya, na tangu siku hiyo hajaonekana. Neno linalosemwa kwa dakika moja huweza kumfungia mtu njia kwa miaka mingi. Jumatano hii, baada ya Misa ya asubuhi, mimi na mama yule mtu mzima tutapanda hadi nyumbani kwao. Hatuendi kumhoji wala kumpima. Tunakwenda kumwomba radhi, na kumwuliza mtoto anaitwa nani.

Nawaomba mtusindikize kwa sala. Tena nawaomba kila jumuiya ijiulize wiki hii: nani anasali nje ya dirisha letu? Msimtafute mbali, maana huwa mnamwona. Na mkimpata, msimwandalie hotuba. Sogeeni kidogo kwenye benchi.

Jioni, mtakapofika katika Litania kwenye jina lile la Waridi, lisemeni polepole. Mama wa Mungu mwenyewe aliwahi kuwa binti mwenye mimba ambayo majirani wangeweza kuihukumu, na Yosefu, mtu wa haki, alikuwa tayari kumwacha kwa siri kabla malaika hajamzuia. Yosefu aliamka akampokea, naye alimpokea kabla ya Betlehemu na kabla ya Kalvari, wakati Maria alikuwa bado hajafanya lolote ambalo Nazareti ingeweza kulisifu.

Nawatakieni nyote mwezi mwema wa Rozari na Dominika yenye amani.

Tumsifu Yesu Kristo!

Paroko wenu